Kutoka Keya hadi Butiama: Kumkumbuka Jenerali David Musuguri

Jenerali David Musuguri alifariki dunia Mwanza tarehe 29 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104, na akazikwa kwao Butiama kwa heshima za kijeshi. Kwa siku kadhaa redio na magazeti yalimzungumzia zaidi kwa jambo moja, nalo ni vita vya Kagera: jinsi alivyoiongoza Divisheni ya 20 ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania ndani ya Uganda, na jinsi nduli Idi Amin alivyoikimbia nchi aliyoitesa kwa miaka minane. Sina ugomvi na sifa hizo. Alizistahili zote, na mimi ni mtoto wa mtu aliyepigana chini ya amri yake, kwa hiyo habari zake nimekua nazo. Lakini kadiri nilivyozisikiliza salamu za rambirambi ndivyo nilivyozidi kuona kwamba tunamsifu kwa miezi michache tu ya maisha yake, na miaka mingine tunaipita kama haikuwapo.

Alikuwa askari kwa miaka 46, kuanzia 1942 hadi 1988, kisha kwa miaka 36 akawa mzee wa Butiama. Mtu huyu alikabidhiwa jeshi lililotoka kushinda vita, katika ukanda ambao askari wa rika lake, waliolelewa katika kambi zilezile alizolelewa yeye, walikuwa wakizichukua nchi kwa mtutu wa bunduki. Alilitunza jeshi hilo kwa miaka minane, kisha akalirudisha kwa waliompa. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza kwa kirefu, kwa kuwa naliona kubwa kuliko kutekwa kwa Kampala kwenyewe.

Alizaliwa Butiama, katika eneo la Musoma, tarehe 4 Januari 1920. Mwaka 1922, katika kijiji hichohicho, alizaliwa Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito. Nyerere alipelekwa shule ya Mwisenge mwaka 1934, akaenda Tabora, akaenda Makerere, na hatimaye Edinburgh. Musuguri alishika njia nyingine, ile iliyoshikwa na vijana wengi wa Mara ambao hawakupata njia ya shule: mwaka 1942 alijiandikisha Keya, yaani jeshi la Mfalme wa Uingereza katika Afrika Mashariki. Waingereza walikuwa na mazoea ya kuchagua makabila waliyoyaona yanafaa kushika bunduki, na watu wa Mara, Wakuria hasa, waliandikishwa kwa wingi. Mazoea hayo yaliacha alama ya kudumu: hata baada ya uhuru, mkoa huo umeendelea kutoa askari na makamanda kwa wingi.

Tanganyika ilitoa wanaume wapatao 87,000 kwa ajili ya Vita Kuu ya Pili. Wengi tunawakumbuka kwa jina la Burma, lakini Musuguri alipelekwa Madagaska. Kisiwa kile kilikuwa chini ya Wafaransa wa serikali ya Vichy, iliyokuwa imeinamia upande wa Ujerumani, na Waingereza waliogopa kwamba Wajapani wangeitumia bandari ya Diego Suarez kukata njia ya meli za kwenda India na Misri. Waliivamia bandari hiyo mwezi Mei 1942. Brigedi ya askari wa Afrika Mashariki ikafuata, na kuanzia Septemba ikafanya sehemu kubwa ya kazi ya kusonga kutoka Majunga hadi Antananarivo na kuendelea kusini, mpaka Wafaransa waliposalimu amri mwezi Novemba. Vita hivi havina nafasi kubwa katika vitabu vya shule. Kijana wa Butiama alivuka bahari kwenda kumpiga Mfaransa kwa niaba ya Mwingereza, katika kisiwa ambacho wenyeji wake hawakuulizwa na yeyote kati ya hao wawili.

Vita vilipomalizika, malipo ya kuagwa kwa askari yalipangwa kwa rangi ya ngozi, na askari Mwafrika alilipwa sehemu ndogo ya kile alicholipwa Mzungu wa cheo kilekile. Wengi walirudi vijijini na makoti yao mazito ya jeshi. Musuguri alibaki kambini. Alipata usajini, akawa mkufunzi Kahawa, nchini Kenya, na mwaka 1957 akapata cheo cha effendi, ambacho kiliwekwa kwa ajili ya Mwafrika aliyekwisha kufika kikomo: kilikuwa juu ya sajini meja na chini ya luteni wa mwisho wa Kizungu. Mtu mwenye uzoefu wa miaka 15, aliyepigana ng'ambo na kufundisha mamia ya vijana kushika silaha, alitakiwa kumpigia saluti kijana wa Kiingereza aliyetoka chuoni mwezi uliopita.

Magazeti yetu yameirudia mara nyingi habari kwamba miongoni mwa wanafunzi wake wa Kahawa alikuwamo kijana kutoka Uganda aliyeitwa Idi Amin. Wasimulizi wengi huitumia habari hiyo kuinogesha hadithi ya vita, mwalimu akimshinda mwanafunzi wake, na kuishia hapo. Mimi naona ina uzito zaidi ya huo. Amin aliingia Keya mwaka 1946, akapata ueffendi mwaka 1959, na mwaka 1961 akawa ofisa kamili. Elimu yake ya shule ilikuwa ndogo, kama ilivyokuwa kwa askari wengi wa Keya. Alifunzwa gwaride lilelile, akala mgao uleule, akafundishwa na mabwana walewale kwamba bunduki ndiyo sauti ya serikali. Ukiwatazama wanaume hawa wawili mwaka 1960, katika sare na vyeo vyao, si rahisi kusema nani angekuwa nani. Tofauti yao haielezwi na Keya. Inanibidi nije kwenye yale yaliyowapata majeshi yao baada ya uhuru.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walitaka nyongeza ya mishahara, na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke. Katika juma hilohilo maasi yakatokea Uganda katika kambi ya Jinja na Kenya katika kambi ya Lanet. Serikali zote tatu zilizokuwa changa ziliomba msaada wa askari wa Uingereza, jambo lililowauma sana viongozi waliokuwa wameshusha bendera ya Uingereza juzi tu. Baada ya hapo ndipo njia zilipoachana. Nchini Uganda, Waziri Mkuu Milton Obote alikubali madai ya mishahara na vyeo, akalibakiza jeshi karibu kama lilivyokuwa, na katika upandishaji vyeo uliofuata Idi Amin alipaa haraka hadi kuwa naibu kamanda. Nyerere alilivunja jeshi. Askari wapatao 2,000 walirudishwa makwao isipokuwa wachache, na jeshi jipya likaandikishwa kutoka Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Musuguri alikuwa miongoni mwa wachache wa jeshi la zamani waliobaki, na jambo lililofuata linanigusa kila ninapolifikiria. Mkuu wa jeshi jipya alikuwa Mrisho Sarakikya, ofisa aliyesomea Sandhurst, aliyezaliwa zaidi ya miaka kumi baada ya Musuguri. Wakati Musuguri anapanda meli kwenda Madagaska, Sarakikya alikuwa mtoto mdogo kule Meru. Mzee wa Keya sasa alitakiwa kutii amri za kijana, na safari hii si kwa sababu ya rangi ya ngozi bali kwa sababu nchi ilikuwa imeamua hivyo. Alitii. Alitumika chini ya Sarakikya miaka kumi, kisha chini ya Abdallah Twalipo, aliyeshika ukuu wa majeshi mwaka 1974. Alikuwa na miaka 60 zamu yake ilipofika. Sijui mifano mingi ya watumishi wa umma, wenye sare au wasio na sare, waliosubiri muda huo wote bila kuwachongea waliokuwa juu yao.

Tarehe 25 Januari 1971, Amin aliipindua serikali ya Obote. Kwetu habari hiyo haikuishia kwenye kumpokea Obote Dar es Salaam. Mwezi uliofuata TANU ilitoa Mwongozo, waraka uliosema waziwazi kwamba yaliyotokea Uganda, pamoja na uvamizi wa Wareno nchini Guinea mwishoni mwa 1970, yameonyesha kuwa ulinzi wa nchi hauwezi kuachiwa jeshi peke yake, na kwamba wananchi wenyewe wafundishwe kushika silaha. Ndipo mgambo walipoanza kufundishwa kila mahali, vijijini na viwandani. Walikuwa wakulima, makarani, walimu wa shule za msingi na vibarua. Baba yangu alikuwa mmoja wao, katika kijiji kimoja cha Bunda. Walifanya gwaride jioni baada ya kutoka shambani, na kwa muda mrefu bunduki zao zilikuwa za kuchongwa kwa mbao. Amin mwenyewe, kwa kuipindua serikali ya Kampala, ndiye aliyesababisha kijiji cha baba kuanza kujifunza gwaride.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi yote ya Kagera iliyoko kaskazini ya mto, eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800. Waliua raia, wakachukua ng'ombe, wakapora kiwanda cha sukari, na mapema Novemba wakalilipua daraja la Kyaka ili tusiweze kuwafuata. Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Mwalimu akalihutubia taifa kwa maneno ambayo kila Mtanzania wa umri fulani anayajua kwa moyo: uwezo, sababu na nia. Mgambo wakaitwa. Katika miezi michache jeshi lililokuwa na watu wasiozidi 40,000 likafikia zaidi ya 150,000, na mgambo wapatao 40,000 walikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Nimesimama Kyaka nikiutazama mto ule. Si mpana wa kutisha, lakini una kina, maji yake ni ya rangi ya udongo, na yanakwenda kwa kasi isiyoonekana mpaka utupe jani uone linavyochukuliwa. Juu ya kilima yapo magofu ya kanisa Katoliki lililopigwa mabomu, kuta zimesimama na paa halipo, na malori ya mizigo yanayokwenda Mutukula yanapita chini yake mchana kutwa. Pale ndipo nilipoelewa kwa nini wazee wanapokisimulia kisa hiki huanza na daraja. Bila daraja hapakuwa na vita vya kurudisha ardhi yetu. Wahandisi wetu walilazimika kuweka daraja la muda, na watu wakavuka kwa zamu, wakibeba mizigo yao, bila kujua ng'ambo kuna nini.

Vita vilipoingia ndani ya Uganda mwaka 1979, Musuguri alikuwa kamanda wa Divisheni ya 20, akiwa na cheo cha meja jenerali. Mji wa Mutukula ulitekwa mwezi Januari, na jina la mji likawa jina lake: akaitwa Jenerali Mutukula. Makamanda wengine nao walikuwa na majina yao ya vita. Silas Mayunga aliitwa Mti Mkavu, na Mwita Marwa aliitwa Kambale. Masaka ilianguka tarehe 24 Februari. Baada ya hapo barabara ya Kampala inapita Lukaya, mji mdogo ambao kaskazini yake kuna tuta refu la barabara linalokatiza bwawa la mafunjo. Huku na huku ni maji na tope. Gari haliwezi kugeuza kirahisi, na kifaru kikiharibika katikati, kila kilicho nyuma yake kimekwama.

Tarehe 10 Machi, Brigedi ya 201 iliingia Lukaya ili kulishika tuta hilo kabla adui hajalivunja. Brigedi hiyo ilikuwa karibu yote ni mgambo ambao hawajawahi kupigana. Wakati huohuo askari wa Libya, waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin, walikuwa wanakuja kutoka upande wa pili wakiwa na vifaru na mizinga ya roketi aina ya Katyusha. Kulipoanza kuingia giza, roketi zikaanza kumiminika. Nyingi zilipita juu ya vichwa vya watu wetu na kuanguka mbali nyuma yao, lakini mgambo ambaye miaka miwili iliyopita alikuwa anachonga bunduki ya mbao hakuwa na namna ya kujua hilo. Brigedi ikavunjika. Watu wakaingia bwawani.

Baba alikuwa humo. Anapoeleza usiku ule haanzi na roketi, anaanza na buti. Alikuwa amepewa buti kubwa kuliko mguu wake, akawa anazijaza vitambaa, na zilipoingia tope zikawa nzito kiasi kwamba ilimlazimu kuchagua kati ya buti na sanduku la risasi alilopewa kubeba. Aliacha buti. Maji yalimfika kiunoni, akawa ameshika mashina ya mafunjo kwa mkono mmoja ili asizame, sanduku liko begani, na upande wake wa kushoto kulikuwa na mtu ambaye usiku kucha alikuwa akikohoa, wala hawakusemeshana. Anasema sauti ya roketi haikuwa mbaya kama kimya kinachofuata, kwa sababu kimya kilikuwa kinamwambia kwamba wanazipakia upya. Kabla ya alfajiri wakaanza kusikia wenzao wakiitana kwa namba za kombania, kwa sauti za chini, na watu wakaanza kutoka kwenye mafunjo mmoja mmoja na kurudi barabarani, wengi wakiwa miguu mitupu kama yeye.

Asichokijua baba usiku ule ni uamuzi uliokuwa umefanywa na mtu mwingine. Musuguri alikuwa na Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, iliyokuwa imeenda mbali upande wa kaskazini magharibi. Aliiamuru igeuke mara moja, itembee usiku kucha, na kumfikia adui kutoka ubavuni na nyuma. Alfajiri ya tarehe 11 Machi, mgambo wa 201 waliokuwa wamejikusanya wakaanza kusukuma kutoka mbele, na 208 wakatokea upande ambao Walibya hawakuutazamia. Walibya na wenzao wa Uganda wakajikuta wamebanwa pande mbili, na waliouawa walizidi 400, wapatao 200 kati yao wakiwa Walibya. Baada ya hapo barabara ya Kampala ilikuwa wazi. Entebbe ikatekwa tarehe 7 Aprili, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Lukaya ndipo ninapomwona kamanda waziwazi, kwa sababu ushindi wa siku nyingine zote ungeweza kuelezwa kwa wingi wa watu na mizinga. Brigedi iliyovunjika ni jambo linaloweza kumfanya kamanda yeyote arudi nyuma na kungoja. Tena askari wake walikuwa wakulima, waliotoka majumbani mwao miezi michache kabla. Musuguri alikuwa amefundisha makuruti tangu miaka ya 1940, na alijua kwamba mtu aliyekimbia usiku anaweza kurudi asubuhi akikuta kuna mpango unaomngoja.

Lazima niseme pia kuhusu Masaka. Majengo mengi ya mji ule yalibomolewa baada ya kutekwa, na Mbarara nayo iliharibiwa, na askari wetu walifanya hivyo wakiwa na hasira ya yale waliyoyakuta Kagera. Hasira yao naielewa, kwa sababu waliopita Kyaka waliona miili. Lakini watu wa Masaka hawakuwa wameivamia Kagera. Nao walikuwa wahanga wa Amin. Sehemu hii ni ya historia yetu na ya kamanda wetu, na inafaa isimuliwe pamoja na Lukaya.

Gharama nayo ilikuwa nzito. Vita vilituchukulia kiasi cha dola milioni 500, fedha ambazo nchi haikuwa nazo, na hakuna aliyezirudisha. Makaburi ya mashujaa yako Kaboya, wilayani Muleba. Waliorudi wazima walirudi mashambani, sabuni na sukari zikiwa hazipatikani, petroli inauzwa kwa kibali, na kijiji kinawapokea kwa ngoma ya siku moja.

Katika hali hiyo ndipo mwaka 1980 Musuguri alipoteuliwa kuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Uteuzi huu watu hutaja kwa sentensi moja na kuendelea, mimi naona unahitaji kutazamwa kwa makini. Alipewa jeshi lililojaa watu walioonja ushindi. Walikuwa wameona kwa macho yao jinsi serikali inavyoanguka, maana wao ndio walioiangusha. Kulikuwa na maelfu ya mgambo wa kurudishwa uraiani, askari waliobaki Uganda hadi mwaka 1981, na maduka matupu nyumbani. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga la Kenya walijaribu kuipindua serikali yao. Januari 1983 hata kwetu wanajeshi na raia kadhaa walikamatwa kwa njama ya kuipindua serikali, na baadhi yao wakahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini. Mwezi Julai 1985, nchini Uganda, Tito Okello alimwondoa Obote, aliyekuwa amerudi madarakani. Okello naye alikuwa mtu wa Keya, mkubwa kwa Musuguri kwa miaka kadhaa, na mwaka 1979 alikuwa ameongoza wapiganaji wa Uganda bega kwa bega na majeshi yetu. Kwa hiyo wapo wawili, Amin na Okello, walioanzia pale Musuguri alipoanzia na kufikia kuikalia Ikulu ya nchi yao kwa nguvu.

Mtu anaweza kuniambia kwamba haikuwa wema wa mtu mmoja, na nitakubali. Jeshi la 1964 lilijengwa makusudi ili liwe sehemu ya nchi. Askari walikuwa wanachama wa chama, matawi ya chama yalikuwa kambini, kamishna wa siasa alikuwa na nafasi yake, na ofisa wa jeshi angeweza kuwa mkuu wa wilaya au wa mkoa bila kuhitaji kupindua chochote. Mfumo huo ulikuwa na kasoro zake, hasa pale chama na dola vilipokuwa kitu kimoja na askari hakuwa na ruhusa ya kuwa na mawazo mengine. Lakini mfumo haujisimamii. Kati ya 1980 na 1988 kulikuwa na mtu mmoja ambaye kila brigedi ingesimama kama angesema isimame, mwenye jina la vita ambalo watoto walilitaja mitaani, na mtu huyo kila siku alichagua kuwa mtumishi. Mwaka 1985 Amiri Jeshi Mkuu alibadilika, Mwalimu akatoka na Mzee Ali Hassan Mwinyi akaingia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi yetu kubadilisha rais, na nchi jirani zilikuwa zimeonyesha jinsi siku kama hiyo inavyoweza kuharibika. Mkuu wa majeshi, ambaye rais aliyekuwa anaondoka alikuwa ndugu yake wa kijiji kimoja, alimpigia saluti rais mpya na kazi ikaendelea. Katika miaka hiyohiyo aliwapeleka askari wetu Msumbiji kuisaidia serikali ya huko dhidi ya waasi wa RENAMO, kazi ngumu isiyo na gwaride la ushindi, na wapo waliokufa huko ambao hatuwataji mara kwa mara.

Mwaka 1988 alistaafu akiwa na miaka 68. Jenerali Ernest Mwita Kiaro akashika nafasi yake. Musuguri alirudi Butiama, ambako Mwalimu naye alikuwa amerudi kulima. Hakugombea urais. Hakuanzisha kikundi cha wanajeshi wastaafu cha kuidai nchi ulipaji wa fadhila. Idi Amin alifia Jeddah, Saudi Arabia, mwezi Agosti 2003, hospitalini, baada ya uhamisho wa miaka mingi, asiruhusiwe kurudi kwao. Siku hiyo Musuguri alikuwa kijijini kwake, na alikuwa na miaka 21 mingine ya kuishi.

Pale Butiama yapo Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, na watu wengi hufika huko. Ningependa kiwepo chumba kimoja cha Jenerali Musuguri, na ndani yake isiwekwe sare na medali tu. Ziwekwe sauti. Wenzake wa Madagaska wameshakwisha, na wale wa Kahawa pia, lakini mgambo wa Brigedi ya 201 bado wapo vijijini, wengi wao wamepita miaka sabini, na maofisa vijana waliofanya kazi makao makuu ya jeshi katika miaka ya 1980 bado wapo. Maofisa hao waulizwe yale ambayo hayamo kwenye hotuba za mazishi: ni nani aliyepanga jinsi ya kuwarudisha mgambo nyumbani bila fujo, mgao wa chakula ulipatikanaje kambini mwaka 1983 wakati mjini hakuna sukari, alisema nini kwa makamanda wa brigedi habari za njama zilipotoka, na asubuhi ile ya Novemba 1985, Mzee Mwinyi alipokuwa anaapishwa, Mkuu wa Majeshi alikuwa ametoa amri gani kwa kambi zake.